Kuacha gari-nyumba Lubumbashi tangu Aprili hadi Novemba: antijeli, paa na zamu

Swali: "Mimi ni mstaafu, ninakaa Lubumbashi. Mwaka jana nilinunua gari-nyumba kwa mgeni mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo kidogo na tangi la maji. Mwishoni mwa Aprili ninakwenda Liège, Ubelgiji, kwa binti yangu, na nitarudi katikati ya Novemba. Mkwe wangu, ambaye naye ana gari la namna hiyo, ananiambia nisiliache bila kulitayarisha kwa baridi: nitoe maji yote, nimimine antijeli, yaani dawa ya kuzuia maji kuganda, katika mabomba, nilifunike lote kwa turubai, na mtu aliwashe kila wiki. Antijeli niliyoipata mjini ni ya rejeta. Je, ninaweza kuitumia hiyo? Gari litakaa katika parseli (kiwanja cha nyumba yangu), chini ya mwembe, na zamu wetu, yaani mlinzi wa usiku, ameomba alale ndani mwake Juni na Julai kwa sababu ya baridi."

Papa, kabla ya kugusa bomba, tairi wala betri, nitaanza na jambo uliloliweka mwishoni, kwa sababu linahusu uhai wa mtu. Zamu wako asilale ndani ya gari hilo. Ombi lake nalielewa: usiku wa Juni na Julai hapa kwetu kipimajoto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na mtu anayekesha langoni anateseka. Lakini mtu anayeona baridi ndani ya chumba cha bati ataingiza mbabula, yaani jiko la makala (makaa), hata kama alikuahidi kwamba hataiingiza, na ataiingiza saa nane za usiku wakati hakuna wa kumwona. Watu wengi wanaamini kwamba hatari ya mbabula ni moshi, kwa hiyo wanaiacha nje mpaka makala yawe mekundu na moshi uishe, ndipo wanaiingiza ndani kwa moyo mweupe. Wanakosea. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unazidi, na mtu haamki tena. Chumba cha gari-nyumba ni kidogo, na madirisha yake yametengenezwa yazuie upepo, kwa hiyo gesi hiyo inajaa upesi kuliko ndani ya nyumba. Jiko la gesi lililomo nalo ni la kupikia. Halikutengenezwa kwa kupasha chumba joto usiku kucha. Mtafutie zamu blanketi zito, koti na kibanda chenye mlango, na ufunguo wa gari umkabidhi mtu mwingine.

Sasa tuje kwa mkwe wako. Hakukudanganya: alichokuambia ni sahihi kwa Liège. Huko, kati ya Desemba na Februari, joto linaweza kukaa chini ya sifuri usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwa kuwa ndani ya bomba hayana pa kwenda, hupasua kiungo, pampu, koki ya bafu au mtungi wa kupashia maji. Uharibifu wenyewe hauonekani mpaka barafu iyeyuke, ndipo mwenye gari anakuta sakafu imelowa. Ndiyo maana watu wa huko wanamwaga maji yote, na wengi wao wanapitisha antijeli maalumu katika mabomba ili kile kidogo kilichobaki kwenye kona kisigande.

Ili jambo hilo litokee Lubumbashi, hewa ingepaswa kubaki chini ya sifuri kwa saa nyingi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 na kidogo; usiku wa kiangazi una baridi kwa sababu anga haina mawingu na ardhi inapoteza joto haraka, lakini jua likishapanda, mchana unafika nyuzi 25 hivi, na kila kilichopoa kinapata joto tena. Inawezekana asubuhi moja ya Julai ukaona umande mweupe juu ya majani ya bondeni, au hata kwenye kioo cha mbele cha gari, kwa sababu kitu kilichoelekea anga wazi hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Bomba lililo ndani ya kabati, chini ya kitanda, halikuelekea anga, na halitaganda. Kama ungeniambia gari litalala juu ya nyanda za Kundelungu au za Biano, zenye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi, ningekuwa mwangalifu zaidi. Kwa parseli ya mjini, barafu iondoe katika hesabu zako. Utakapokuwa Liège mwezi wa Julai, wao ndio watakuwa wanatafuta kivuli.

Antijeli uliyoinunua usiimimine, hata tone moja, katika mabomba ya maji ya gari-nyumba. Antijeli ya rejeta kwa kawaida hutengenezwa kwa etilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo. Mtoto au mbwa akiilamba anaweza kufa, na ikishapita ndani ya pampu na mtungi wa maji huwezi kuwa na hakika kwamba umeisafisha yote. Ile ambayo mkwe wako anaizungumzia ni ya aina nyingine, ya propilini glikoli, iliyokusudiwa mabomba ya maji ya matumizi, na hiyo nayo hapa huihitaji. Hata hivyo fedha yako haikupotea. Magari mengi mjini yanaendeshwa na maji matupu ndani ya rejeta, kwa hoja kwamba hapa hakuna barafu, na hoja hiyo inasahau kwamba antijeli inafanya kazi nyingine mbili: inazuia kutu ndani ya injini, na inapandisha kiwango cha kuchemka cha maji. Mwombe fundi wako afungue rejeta injini ikiwa baridi. Akikuta maji ya rangi ya kutu, ayatoe yote, asafishe, kisha ajaze mchanganyiko mpya kwa aina na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kwa sababu si aina zote zinazochanganyika. Injini itakayosimama zaidi ya miezi sita na maji matupu ndani yake inapata kutu bila mtu yeyote kuiwasha.

Maji ya tangi utayatoa hata hivyo, ila kwa sababu nyingine. Maji yaliyotulia katika tangi la plastiki, mchana yakipata joto na usiku yakipoa, hupoteza klorini yake na kuota utando wa vijidudu kwenye kuta za tangi na mabomba. Baadhi ya vijidudu hivyo vinaleta ugonjwa wa mapafu mtu akivuta mvuke wa bafu lenye maji hayo. Fungua koki ya chini ya tangi, washa pampu mpaka ianze kuvuta hewa, kisha izime mara moja. Fungua bomba zote, za moto na za baridi, pamoja na bafu, na uziache wazi. Mtungi wa maji moto uumwage ukiwa umeshapoa na presha imeshatoka. Ukiufungua ukiwa na joto utaungua mikono. Tangi la maji machafu na la choo lazima yasafishwe na kukaushwa kabisa, maana uchafu uliokaukia ndani hugeuka gamba gumu na kuharibu kipimo na mpira wa kuzibia. Kuna jambo moja dogo ambalo watu husahau: ile kona ya bomba chini ya karai la kuoshea vyombo inahifadhi maji kidogo yanayozuia harufu na mende kupanda. Katika ukavu wetu maji hayo hukauka. Ongeza maji kidogo, kisha mimina vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yataelea na kuyachelewesha kukauka. Ukirudi Novemba, jaza tangi maji yenye javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) isiyo na manukato, mililita 1 kwa kila lita ikiwa javeli ni ya asilimia 5 hivi, yapitishe katika kila bomba, yaache usiku mmoja, yamwage, na usuuze mpaka harufu iishe.

Nimefika mahali ambapo gari lako linaweza kuumia kweli, nako ni juu ya paa. Wewe hukuliuliza, na mkwe wako hakulitaja, na hilo halinishangazi, kwa sababu ni tatizo linalotengenezwa na kiangazi chetu na kuonekana wakati wa mvua. Paa la gari-nyumba si kipande kimoja. Lina karatasi ya alumini au ya faiba, chini yake kuna plaiwudi na mihimili ya mbao, na juu yake limetobolewa mara nyingi: kwa dirisha la paa, bomba la hewa la choo, chimni ya friji, nyaya za paneli ya sola, na misururu ya skurubu kwenye kingo. Kila tundu limezibwa kwa mastiki, gundi laini ya kuzuia maji. Sasa fikiria siku moja ya Julai. Kabla ya jua kuchomoza paa lina nyuzi 5. Saa saba mchana, hata kama hewa ni nyuzi 25, bati lililochomwa na jua linaweza kuwa na nyuzi 45. Alumini yenye urefu wa mita 6 ikipata tofauti hiyo ya nyuzi 40 hurefuka kwa zaidi ya milimita 5, halafu jioni inarudi. Mbao zilizo chini yake hazirefuki kwa kiasi hicho. Badala yake zinasinyaa, kwa sababu hewa ya kiangazi inavuta unyevu wake wote. Kwa hiyo bati linakwenda huku, mbao zinakwenda kule, na anayevutwa katikati ni mastiki, kila siku, kuanzia Mei hadi Septemba, chini ya jua la mwinuko wa mita 1,200 ambalo mionzi yake inamkausha na kumfanya mgumu. Mwisho wa Septemba atakuwa na nyufa nyembamba ambazo hutaziona ukisimama chini. Anayepanda ngazi na kupitisha ukucha kandokando ya dirisha la paa atazihisi.

Wakati huo wote gari ni kavu, na ukilitazama utasema limehifadhiwa vizuri. Kisha mvua ya kwanza inakuja, kwa kawaida Oktoba, nayo huja na upepo unaosukuma maji pembeni na hata juu. Maji yanaingia katika ufa, hayadondoki ndani, bali yanafuata muhimili na kunywewa na plaiwudi. Mvua ya pili inayakuta bado hayajakauka, kwa sababu nafasi ile haina hewa. Kuanzia hapo mpaka Machi au Aprili hakuna mapumziko marefu. Wewe utakaporudi katikati ya Novemba utakuta labda alama ya rangi ya chai kwenye kona ya dari, au harufu ya kuvu kwenye godoro, na mbao zenyewe zitakuwa zimeshaanza kuoza nyuma ya ukuta. Nimeona kuta zinazong'aa nje, na ndani yake mtu angeweza kuingiza kidole.

Kwa sababu hiyo, kama una fedha ya kazi moja tu kabla ya safari, itumie kwenye paa. Fundi apande, asafishe vumbi lote kwa maji na sabuni, akague kila kiungo, akwangue mastiki iliyopasuka au kuachia, na aweke mpya iliyokusudiwa paa la magari ya namna hii. Hapa nakuonya juu ya silikoni. Ndiyo inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ni rahisi kupaka, na inang'aa vizuri siku ya kwanza; lakini inaachia kingo zake baada ya muda, na inaacha mafuta ambayo mastiki nyingine yoyote haitashika juu yake, hata silikoni mpya yenyewe. Fundi wa baadaye atalazimika kuikwangua yote mpaka kwenye bati. Mastiki ya poliurethani, ile inayotumiwa na mafundi wa bodi za magari na kupatikana katika maduka yao, inafaa zaidi kwenye viungo vya bati, lakini ipakwe juu ya mahali pasafi na pakavu, nayo isiguse madirisha ya plastiki wala fremu zake, kwa kuwa plastiki hizo huweza kupasuka. Kuna watakaokushauri kupaka lami paa zima. Kataa. Lami inafyonza joto, inapasuka, na inaficha mahali maji yanapoingilia.

Kuhusu turubai, nakubaliana na mkwe wako nusu. Kivuli ni kizuri sana kwa mastiki, rangi, tairi na mapazia, lakini turubai la plastiki lililofungwa moja kwa moja juu ya gari ni jambo lingine. Mwezi wa Agosti upepo unaleta vumbi jekundu na majivu ya mioto ya porini. Vumbi likiingia chini ya turubai linalopigapiga, linasugua rangi kama msasa, na mvua zikianza plastiki ileile inazuia unyevu usitoke. Ningejenga nguzo nne na mabati juu, yapite upana wa gari kwa nusu mita kila upande, pande zote zikiwa wazi. Ni gharama kubwa kuliko turubai, sikufichi, ila utaitumia kila mwaka, na baada ya kazi ya paa, banda hilo linalinda zaidi kuliko vitu vingine nilivyovitaja. Kama haiwezekani, acha gari wazi lakini safi, weka vizuizi vya jua ndani ya vioo, na usilifunike kwa kitu.

Mwembe sitaukubali. Kivuli chake Julai kinavutia, lakini majani yanaziba mifereji ya paa, utomvu na uchafu wa ndege unaharibu rangi, na Novemba, ndege yako ikiwa bado haijatua, maembe yataanza kuangukia dirisha lako la paa, ambalo ni la plastiki. Tawi moja siku ya dhoruba ya Oktoba litamaliza yaliyobaki. Lisogeze.

Mahali utakapoliweka, tazama ardhi. Watu wa Ulaya wanaweka mbao chini ya tairi ili zisiguse ardhi yenye unyevu, na ukisoma maelekezo yao utaona ushauri huo kila mahali. Katika mji uliozungukwa na vichuguu virefu kuliko mtu, kuweka mbao ardhini kwa miezi sita ni kuwaalika mchwa. Wataijenga njia yao ya udongo kwenye ubao, juu ya tairi, mpaka kwenye chasisi, na hapo juu kuna sakafu ya plaiwudi inayowangoja. Tumia vipande vya zege au vigae vinene, na mtu anayelinda afundishwe kitu kimoja: kila wiki ainame, atazame kila tairi na kila mguu wa kusimamishia gari, na akiona ukanda wa udongo mbichi unapanda, aukwangue na akupigie simu siku hiyohiyo.

Tairi zenyewe zijaze upepo mpaka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwake, kwa kuwa hupoteza upepo kidogo kila mwezi na zikilegea chini ya uzito usiobadilika zinapata bapa. Zikinge na jua kwa vipande vya mbao au vitambaa vizito vilivyoegemezwa mbele yake, visiguse ardhi. Soma pia tarehe: ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mathalani 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari-nyumba huzeesha tairi kwa miaka kabla ya kuzimaliza kwa kilometa, na tairi ambayo mifereji yake bado ina kina lakini yenye miaka 10 haifai kubeba uzito huo barabara ya Likasi. Breki ya mkono usiiache imevutwa, itagandamana. Weka gia na mawe au kabari mbele na nyuma ya magurudumu.

Betri, kwa kawaida una mbili: ya injini na ya nyumba. Saa, redio na king'ora cha wizi hunywa umeme hata gari likiwa limezimwa. Chukulia miliampea 50 tu: kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36, na betri ya ampea-saa 70 imekwisha kabla ya miezi miwili kutimia. Betri ya risasi ikikaa tupu, fuwele za salfeti hukua kwenye sahani zake na haitakubali chaji tena. Kununua mpya ndiyo dawa. Zichaji zijae, zifikie volti 12.6 au 12.7 zikiwa zimetulia, halafu ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Kama gari lina paneli ya sola yenye kidhibiti chaji kizuri, iache ihudumie betri ya nyumba, ila mtu afute vumbi jekundu juu yake kila mwezi. Chaja ya ukutani kuachwa bila mtu miezi sita, kwa umeme wetu unaokatika na kurudi na nguvu nyingi, mimi siishauri. Betri za lithiamu ni tofauti: hizo huachwa zikiwa na nusu ya chaji au zaidi kidogo, na zimekatwa kabisa.

Kuwasha injini kila wiki kwa dakika tano ni desturi ninayoikuta kila parseli, na haina faida. Injini haipati joto la kutosha kukausha mvuke uliotengenezwa na kuungua kwa mafuta, kwa hiyo maji yanabaki ndani ya oili na ndani ya egzosi, huku betri ikiwa imetoa zaidi ya ilichorudishiwa. Kama una mpwa mwenye leseni unayemwamini, na aliendeshe mara moja kwa mwezi kilometa 20 au 30, mpaka injini, breki na tairi zote zipate joto. Hilo ndilo bora kuliko yote. Kama huna, liache lipumzike. Tangi la dizeli lijae ili hewa yenye unyevu isipate nafasi; ukihofia wizi wa mafuta, weka kifuniko chenye kufuli.

Chakula chote kitoke, hata chumvi na sukari, kwa sababu pori likichomwa moto panya hukimbilia mjini, na panya aliyeingia kwa ajili ya biskuti hubaki kwa ajili ya nyaya. Ziba matundu ya sakafu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Milango ya friji iachwe wazi kidogo, magodoro yasimamishwe wima, na mitungi ya gesi ifungwe, itolewe, ihifadhiwe nje mahali penye hewa.

Kwa kuwa mvua itakutangulia, panga tarehe moja na huyo mpwa au fundi: wiki ya mwisho ya Septemba. Apande paa tena, apitishe mkono kwenye viungo, kisha mtu mmoja amwagie gari maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda polepole, kila upande dakika kumi, huku mwingine akiwa ndani na tochi akitazama kona za dari, nyuma ya makabati na chini ya madirisha. Asitumie mashine ya presha, itasukuma maji mahali ambapo mvua isingeyafikisha. Akutumie picha za kila kona. Baada ya mvua mbili au tatu za kwanza arudie kuangalia ndani.

Mambo mengine hayatatuliwi kwa picha wala kwa barua. Ukuta au sakafu inayobonyea ukiisukuma kwa kidole gumba inahitaji fundi wa bodi aifungue na kuona uozo umefika wapi. Kuziba juu yake ni kufungia maji ndani. Breki zilizosimama miezi sita zikaguliwe garaji kabla ya safari ya kwanza. Gesi ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Nyigu wa udongo hupenda kujenga ndani ya vichomeo na chimni ya friji, na mipira ya gesi hukauka na kupasuka. Kichomeo kilichoziba nusu huwaka kwa moto wa njano na kutoa ile gesi niliyokutajia mwanzoni. Utakaporudi, mwite fundi anayejua mifumo ya gesi, afungue vichomeo, avisafishe, abadilishe mipira iliyopita tarehe yake, na apime uvujaji kwa povu la sabuni. Mpaka amalize, mitungi ibaki nje na jiko lisiwashwe.